Kumbukumbu za Kilwa na Lindi zikusanywe na wenyewe, pamoja na habari zake

Katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mjini Lisbon, Ureno, kuna monstransi ya dhahabu inayojulikana kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Dhahabu yake ilitoka Kilwa. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya kisiwa na, kwa vitisho vya mizinga, akamlazimisha mtawala wa mji akubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi. Mfalme Manuel akaamuru dhahabu ya kodi hiyo itengenezwe chombo cha ibada. Habari hizi si za kubahatisha, kwa kuwa kwenye chombo chenyewe yamechorwa jina la mfalme, jina la Kilwa na mwaka kazi ilipokamilika, 1506. Mali ilichukuliwa kwa nguvu, lakini habari zake zimebaki. Leo mtoto wa Kilwa anaweza kusimama mbele ya chombo kile na kusema, bila mtu kumbishia, kwamba dhahabu hii ni ya kwetu.

Sasa linganisha na sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizitia kwenye kopo akazisahau, mpaka mwaka 1979 alipozipeleka zichunguzwe. Tano kati yake zilikuwa za shaba, zimepigwa Kilwa. Zilivukaje Bahari ya Hindi hadi kule? Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi: wapo wanaotaja biashara, wapo wanaotaja merikebu iliyozama, wapo wanaowataja Wareno. Ubishi haukatiki kwa sababu sarafu zilitolewa mchangani bila mtu kutazama zililala kwa kina gani na zilikaa pamoja na nini. Isenberg alifanya jambo moja la maana: aliweka alama kwenye ramani pale alipoziokota. Watafiti waliorudi kisiwani miongo kadhaa baadaye waliongozwa na alama hiyo.

Mifano hii miwili ndiyo inayonisukuma kuandika. Kitu cha kale kisicho na habari zake ni nusu ya kitu. Na sisi wa mwambao wa Kilwa na Lindi tumeachia wengine kazi zote mbili, ya kukusanya vitu vyetu na ya kuandika habari zake. Ninasema kazi hiyo turudi kuifanya wenyewe, tuanze na kile kilicho mikononi mwetu: vitabu, hasa vyenye saini na maandishi ya wenyewe, barua, picha, hati, na kila karatasi iliyobeba jina la mtu, mahali na tarehe. Na tuifanye kwa kanuni moja iliyo wazi: kilichoandikwa tukiokoe, kilichozikwa tukiache.

Kukusanya vitabu si ugeni uliokuja na Wazungu. Mnakili wa msahafu au wa kitabu cha fiqhi, alipomaliza kazi yake, aliandika ukurasa wa mwisho jina lake na la baba yake, siku, mwezi na mwaka wa Hijra, na mara nyingine mji alimokaa akiandika. Aliyekimiliki aliongeza jina lake. Aliyekiweka wakfu aliandika kwamba kitabu hiki hakiuzwi wala hakirithiwi, ni cha wanafunzi wa chuo fulani au msikiti fulani. Kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa na mlolongo wa majina ya waliokishika, na mlolongo huo ulikuwa sehemu ya elimu yenyewe. Mtu anayemwomba mwandishi wa leo amsainie kitabu anafuata njia ambayo wazee wetu waliipita zamani.

Tunachokijua kuhusu Kilwa tunakijua kwa neema ya kazi hiyo ya kunakili na kutunza. Tarehe, yaani historia, ya Kilwa kwa Kiarabu, iitwayo Kitab al-Sulwa, iliandikwa karne ya 16 na mtu ambaye jina lake halikutufikia. Aliahidi milango, yaani sura, kumi. Iliyosalia ni saba. Nakala yake ilipatikana Zanzibar karne ya 19, ikapita mikononi mwa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, na sasa imehifadhiwa London. Mwaka 1895 S. A. Strong aliichapisha kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, Mreno João de Barros alikuwa ameingiza habari za wafalme wa Kilwa katika kitabu chake cha mwaka 1552, naye alizipata kutoka kwenye tarehe ya wenyeji. Fikiria basi: historia ya mji wenye msikiti mkuu na jumba la Husuni Kubwa, mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifu, imening'inia kwenye karatasi chache, na nyingine kati ya hizo zimekosa milango mitatu.

Barua nazo zina kisa chake. Miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya Kiswahili yanayojulikana ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zikiwemo za Mfalme Fatima wa Kilwa, kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Barua hizo ziko Goa, India, katika jumba la nyaraka. Ziliokoka kwa sababu makarani wa Kireno walikuwa na desturi ya kutunza kila karatasi waliyopokea. Zile walizozituma wao kuja Kilwa hatunazo. Barua iliyokwenda ugenini ikaishi, iliyobaki nyumbani ikafa. Hilo lituume.

Wala isidhaniwe kwamba ninataka tukusanye fahari tupu. Mnamo Septemba 14, 1776, sultani wa Kilwa alitiliana saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice. Mkataba uliahidi kumpa Morice watumwa 1,000 kila mwaka. Ni karatasi chungu. Waliouzwa hawakuandikwa majina; walioandikwa ni waliouza na walionunua. Karatasi za Morice zilichapishwa mwaka 1965 na mwanahistoria G. S. P. Freeman-Grenville, na kila mwalimu wa historia wa Kivinje angepaswa kuwa nazo mkononi, maana Kivinje ndiko misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa ilikomalizikia karne iliyofuata. Mkusanyaji mwaminifu hachagui karatasi zinazompendeza peke yake. Anayeficha ya aibu huwanyima ushahidi wale waliodhulumiwa.

Karne ya 20 ina rafu yake, na rafu hiyo bado tunaweza kuijaza. Abdul Karim bin Jamaliddini, mshairi wa Lindi, alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, kisha mwaka 1957 ukatolewa tena na Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mwaka 1968 Gilbert Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, matunda ya kuwasikiliza wazee wa Umatumbi na kwingineko. Mwaka huohuo wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walisambaa vijijini kuwahoji waliokuwa wangali hai, na ripoti zao zikapigwa taipu na kudurufiwa nakala chache. Wazee wale hawapo tena. Kilichobaki cha sauti zao ni karatasi za kudurufu, ambazo wino wake unafifia na pembe zake zinakatika.

Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa wa mwaka 1943, alitoa tamthilia ya Kinjeketile. Mhusika wake mkuu ni Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa maji ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Mwaka 1970 mwandishi mwenyewe akaitafsiri kwa Kiingereza. Kitabu kiliingia shuleni Tanzania na Kenya na kimechapwa tena na tena. Ndiyo maana chapa ya kwanza ni adimu: kitabu cha shule humalizwa na wasomaji wake. Huazimwa, hukunjwa, hutolewa jalada, huandikwa majibu ya mtihani pembeni, kisha karatasi zake hufungiwa karanga. Nakala ya 1969 iliyosalimika, iwe na saini ya mwandishi au jina la mwanafunzi aliyeisoma, ni urithi wa Kilwa sawa na jiwe la Gereza, ngome ya Kisiwani.

Ongeza matoleo ya gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na kuchapisha barua na mashairi ya wasomaji kutoka pembe zote za Tanganyika. Ongeza juzuu za jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, ambamo mwaka 1950 R. M. Bell aliandika habari za Maji Maji wilayani Liwale. Ongeza kitabu cha Neville Chittick cha mwaka 1974, juzuu mbili nene juu ya uchimbuzi wa Kilwa Kisiwani, na riwaya ya M. G. Vassanji ya mwaka 2012, The Magic of Saida, inayomrudisha daktari kutoka Kanada hadi Kilwa ya utoto wake. Vitabu hivi vinaihusu nchi moja na watu walewale. Ni haki ya msomaji wa Kilwa kuvikuta vyote rafu moja, bila kupanda ndege.

Tuje kwenye saini yenyewe. Mwaka 2021, Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi, vitabu vyake vilitoweka madukani kwa wiki kadhaa, na waliokuwa na chapa za kwanza zenye saini yake wakajikuta wameshika mali. Tangu hapo vijana wengi wa Afrika Mashariki wameamka na kuona kwamba kitabu kilichosainiwa kina thamani. Nafurahi. Ila ningependa tuielewe thamani hiyo kwa kipimo chetu. Wauzaji wa vitabu adimu wa London na New York wana kanuni zao: chapa ya kwanza, jalada lisilochanika, saini ya mwandishi. Kitabu kikiwa kimeandikiwa mtu mashuhuri, jina lake hupandisha bei. Kikiwa kimeandikiwa mtu wa kawaida, mara nyingi jina hilo huishusha. Kwa hiyo mnunuzi wa biashara hupendelea saini tupu, isiyo na jina la mpokeaji.

Sisi tuombe kinyume chake. Ukihudhuria uzinduzi wa kitabu Dar es Salaam au Lindi, mwombe mwandishi aandike jina lako kamili, mahali na tarehe, na akiwa na nafasi aongeze neno moja la sababu. Nakala aliyosainiwa mwalimu wa Nangurukuru, ikiwa na jina lake, jina la shule na mwaka, inaweza kuuzwa bei ndogo huko nje. Kwetu hiyo ni hati ya historia: inatuonyesha kwamba mwaka fulani, katika njia panda ile ya kwenda Masoko, kulikuwa na mtu aliyesoma, aliyekutana na mwandishi na kuthamini kazi yake. Saini tupu humtambulisha mwandishi, ambaye tayari anajulikana. Saini yenye jina la mpokeaji humwokoa pia msomaji, ambaye bila hiyo angesahaulika.

Nimesema kilichozikwa tukiache, na hapa sitaki kueleweka vibaya, maana ndipo mkusanyaji mwenye nia njema anaweza kuharibu kuliko mwizi. Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani, maji yakiwa yamekupwa, utaona vigae vya vyombo vya Uchina na Uajemi vimetapakaa ufukweni. Mkono huwasha. Lakini sarafu za Kilwa zina jina la sultani na maneno yenye vina upande wa pili, na hazina mwaka wala jina la mji zilikopigwa. Kinachozipa umri ni udongo zilimolala na vitu vilivyolala nazo. Rundo la sarafu za shaba lililochimbuliwa Songo Mnara na kuelezwa na wataalamu mwaka 2014 limesaidia sana kujua sarafu hizi zilitumika karne zipi, kwa sababu tu liliguswa na watu waliopima na kuandika kila hatua. Sarafu hizohizo zingekuwa zimeokotwa moja moja na kuuziwa wageni, leo zingekuwa vipande vya shaba visivyosema kitu.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na inakataza kuchimba au kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, na kwa miaka kumi, kuanzia 2004 hadi 2014, yalihesabiwa kuwa hatarini. Anayenunua kigae au sarafu kutoka kwa kijana wa ufukweni anamlipa ili abomoe. Kitabu ni tofauti. Kitabu hubeba tarehe yake ndani yake, na kukihamisha kutoka kwenye kasha linalovuja hadi kabati kavu hakukipotezei chochote, mradi uandike kimetoka kwa nani.

Tendaguru inatufundisha somo hilohilo kwa ukubwa wake. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimbua mifupa ya dainosaria katika kilima hicho cha bara ya Lindi. Mamia ya watu wa kwetu walifanya kazi hiyo, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mwaka 1937 dainosaria mkubwa sana, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alisimamishwa Berlin, na yuko huko mpaka leo. Mjadala wa kurudishwa kwake ni wa mataifa mawili, nao uendelee. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji mkataba wa serikali. Edwin Hennig, aliyekuwa kambini, aliandika kitabu juu ya Tendaguru mwaka 1912. John Parkinson, wa msafara wa Waingereza uliofuata, aliandika chake mwaka 1930. Vitabu hivi huonekana mara kwa mara kwenye maduka ya vitabu vya kale ya Ulaya. Mtu wa Lindi aliyeko Berlin, London au Muscat, mwenye uwezo wa kununua kimoja na kukileta maktaba ya nyumbani, amerudisha kitu. Na wajukuu wa wachimbaji na wapagazi wale, wakiandika leo walichosimuliwa na babu zao, wataongeza sura ambayo Hennig na Parkinson hawakuweza kuiandika.

Vivyo hivyo Nachingwea. Mpango wa karanga wa Waingereza wa miaka ya 1940 ulijengewa reli, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli hiyo ikang'olewa. Baadaye Nachingwea ikawa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO. Tiketi ya reli, kitambulisho cha kibarua, picha ya kikundi kambini, barua ya rafiki aliyevuka Ruvuma asirudi: hivi vimo majumbani mwa watu hivi sasa, chini ya vitanda, katika mifuko ya plastiki. Mwenye navyo akifariki, watoto husafisha chumba na kuvichoma moto pamoja na takataka.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, kwamba hii ni anasa, na kwamba watu wa Lindi wanataka bei nzuri ya ufuta na korosho, maji safi na zahanati yenye dawa. Ni kweli wanataka, na ni haki yao. Lakini penseli na bahasha havishindani na zahanati. Tena karatasi za zamani zina kazi ya leo: hati ya shamba la minazi, barua ya urithi, cheti cha ndoa cha bibi, vimewahi kumaliza kesi za ardhi ambazo maneno matupu yasingezimaliza. Familia isiyo na karatasi huishi kwa kumtegemea mwenye nazo.

La pili, kwamba mkusanyaji binafsi huugeuza urithi wa wote kuwa mali yake. Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni masharti. Miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka mwambao akitafuta miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1970 ikatoka orodha kamili ya alivyovipata, ili kila mtafiti ajue kuna nini na kiko wapi. Miaka ya karibuni vitabu vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimepigwa picha za kidijitali, na vyenyewe vikabaki Lamu mikononi mwa wenyewe. Hiyo ndiyo mifano ya kufuata. Mkusanyaji atengeneze orodha iliyo wazi, aruhusu picha kupigwa, asiuze nje, na aandike wosia utakaoeleza vitu viende wapi baada yake. Akishindwa masharti hayo, huyo ni mchuuzi, hata kama ana kabati zuri.

La tatu, kwamba tungoje serikali iturudishie vilivyoko nje. Tuidai, ndiyo. Lakini tukumbuke kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Kilionekana baadaye Geneva, katika makumbusho yaliyokuwa yamekinunua Paris, na kilirudi nchini mwaka 2010 baada ya mazungumzo ya miaka takriban 20. Kilirudi kwa sababu ilithibitika kwamba kilikuwa chetu na kiliibwa. Kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa wala kupigwa picha hakina kesi mahakamani wala mezani. Anayetaka kudai kesho aorodheshe leo.

Basi tufanyeje? Yaliyo ndani ya uwezo wa kila nyumba ni haya. Fungua kasha, toa karatasi, na kwa kila moja andika kwenye kipande cha karatasi pembeni: ya nani, imetoka wapi, nani aliyekusimulia habari zake, na tarehe ya leo. Ndani ya kitabu tumia penseli, usitumie kalamu ya wino. Usibandike selotepu palipochanika, na usiweke karatasi ya zamani kwenye plastiki ya moto. Vyote viwili huila polepole. Weka vitabu juu ya rafu iliyo mbali na ukuta wa nje, maana ukuta wa mwambao huvuta unyevu na chumvi, na mbali na sakafu, kwa sababu ya mchwa. Kikilowa, kitandaze kivulini penye upepo, usikianike juani. Piga picha kila ukurasa wenye maandishi ya mkono, na umtumie nakala ndugu aliye mji mwingine. Tufani iliipiga Lindi mwezi Aprili 1952, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyokata barabara kuu ya kusini. Kitakachokuja hakitapiga hodi.

Walimu wa historia na Kiswahili wana nafasi ya pekee. Kazi ya muhula mmoja inaweza kuwa hii: kila mwanafunzi amwombe babu au bibi karatasi moja ya zamani, aipige picha, aandike habari zake kwa heshima, kisha airudishe ilikotoka. Waandishi wetu nao wanapochapisha kitabu watenge nakala zenye saini kwa ajili ya Kilwa, Lindi, Liwale na Nachingwea, zikiwa zimeandikwa jina la maktaba na tarehe. Na wenye miswada ya dini ya mababu wasione haya kuwaita wataalamu. Kupigwa picha hakuvunji wakfu.

Kwa halmashauri zetu nina ombi moja lenye gharama ndogo. Kila wilaya iwe na kabati moja lenye kufuli ndani ya maktaba au shule, daftari la kuorodhesha kila kinachoingia, na mtu mmoja mwenye jina anayewajibika. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 imeshaweka msingi, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina ujuzi wa kuelekeza. Kinachokosekana ni mtu wa wilaya wa kuandika barua ya kwanza kuomba msaada huo. Mkurugenzi mmoja akiiandika mwaka huu, wengine watamfuata.

Na kwako msomaji, kabla ya Ijumaa ijayo, mtafute mzee mmoja wa ukoo wenu mwenye karatasi, kaa naye, muulize, na uandike anachokuambia. Mwaka kesho huenda karatasi ikawepo na yeye asiwepo, na hapo hakuna makumbusho ya Lisbon, London wala Dar es Salaam yatakayoweza kukuambia ilikuwa ya nani.